Sifuri ya Grand Bertin

Anderlecht, 3 Februari 2013

Grand Bertin,

Usiichane kwanza. Nakujua, ukiona mwandiko wangu tu mkono unakuwasha. Soma mpaka chini, halafu uchane ukipenda, barua ni yako.

Anwani nimepewa na dada yako Sidonie. Nilimfuata saluni kwake, Galerie d'Ixelles, akanisimamisha mlangoni nusu saa nzima huku anamsuka mteja, ananitazama kupitia kioo kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mwishowe akaniandikia nyuma ya kadi ya saluni. Akasema, "Ukimuumiza tena, wewe nitakunyoa bila maji." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Sababu ya kukuandikia ni hii. Timu yetu ya Neerpede inatimiza miaka thelathini, na mzee Florent, kocha wetu, anatengeneza kitabu cha rekodi. Kila mechi ya besiboli tuliyocheza tangu 1983, kila mrushaji, kila mpigaji. Madaftari ya 2004 hadi 2009 ni ya kwangu mimi karani, kwa hiyo kaniomba niyanakili yote safi. Unayajua madaftari yangu: penseli mbili, rula moja, hakuna kufutafuta. Ninyi mlirusha na kupiga, mimi nilikaa mezani nikaandika nani kafanya nini. Bila karani, besiboli ni watu wazima wanaokimbizana nyasini tu.

Basi jana nimefika Jumamosi ya tarehe 12 Agosti 2006. Nimekwama hapo. Nimechonga penseli mara tatu. Nikasema, huu ukurasa siwezi kuunakili kabla sijamjulia hali mwenyewe. Inaelekea miaka saba hatujasemezana, Grand.

Ndiyo, bado nakuita Grand, ingawa nimekuzidi miaka mitano. Aliyekutangulia kufika ndiye mkubwa wako. Nilikuja Ubelgiji ndevu zimejaa na Kifaransa sina, na wewe, kijana wa miaka kumi na saba mrefu kama nguzo, ukanishika mkono mpaka commune, ofisi ya serikali ya mtaa, ukanisemea kila kitu. Tangu siku hiyo ukubwa ulikuwa wako. Hilo halifutiki.

Uko salama? Bega je? Mimi bado niko ghorofa ya sita, lifti bado mbovu, bado nasafisha maofisi alfajiri. Mama kule nyumbani Buyenzi bado anamuulizia "yule Mkongo mrefu".

Mdogo wako,
Chande

---

Rotterdam, 24 février 2013

Chande,

Bon. Sikupasula. Nilisoma yote, mara mbili même, na sikuona neno moja ya pardon. Penseli, rula, lifti. Ya mupira, hakuna.

Alors mi njo nitakukumbusha, juu karani amesahau. Neuvième manche, awamu ya tisa, ya mwisho. Batu vingt-six, makumi mbili na sita, bamekuya mbele yangu na bâton ya kupigia, vingt-six bamerudi kukaa. Hakuna muntu alinipiga mupira hata moja. Zéro. Ku masomo zéro ni haya, lakini kwetu barushaji njo taji. Nolan Ryan, ule wa Amerika, alifanya mechi saba za ile namna mu maisha yake yote, na batu banasema hakuna mwenye atamupita. Mi nilikuwa naomba moja. Moja tu, kule Neerpede, mbele ya batu makumi tano na imbwa mbili.

Wa vingt-sept, wa kumaliza mechi, akapiga kamupira kadogo, ka kutambaa chini. Kakaenda sawasawa kwa Jamal, mudogo wako wa kuzaliwa. Hata maman yangu angekakamata na kikwembe ya kiunoni. Kakamupita pembeni. Wote tukageuka kutazama meza yako. Ukiandika "kosa", ni kosa ya Jamal, na zéro yangu inabakia. Ukiandika "pigo", zéro imekufa. Na we ukaandika pigo. Florent alikuomba, ukamufungulia kitabu ya sheria. Uliokoa mudogo wako, ukanizika mi.

Na ule muzee wa kofia ya majani, mwenye anatafutaka bachezaji kwa timu kubwa ya Amerika, alikuwa nyuma yako. Alikuya juu yangu, kuniona mi, Florent njo alimwita. Akafunga kitabu yake, akaenda, hata mukono hakunipa. Nilikuwa na vingt ans, narusha cent quarante-deux à l'heure, mbio kama gari ku barabara kubwa. Sasa niko na vingt-six, naendesha mashine ya kubeba mapaleti ku bandari, na nikilalia bega vibaya, asubui kikombe inanishinda kuinua.

Donc usiniulize kama niko salama. Andika kosa. Futa ile pigo, andika kosa ku jina ya Jamal, nataka zéro yangu mu kile kitabu. Ukifanya vile, nitakuitika. Usipofanya, nisione tena mwandiko yako.

Bertin

---

Anderlecht, 2 Machi 2013

Grand,

Sifuri yako umeipata.

Ndani ya bahasha utaona ukurasa niliounakili upya. Tazama safu ya mwisho, chini ya jina lako. Duara safi, nimelichora kwa mkono mmoja bila kuinua penseli. Mimi, nisiyefuta, nimefuta. Leo asubuhi nimempelekea Florent. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Chande, mwaka ule nilikubembeleza mbele ya timu nzima ukanifanya mimi mtoto. Leo kumezidi nini?" Nikamwambia nimekua, nimeona upya. Akaguna tu, akaweka kwenye faili.

Unamkumbuka yule mrushaji wa Detroit, mwaka 2010? Wapigaji ishirini na sita kawatoa wote, na wa ishirini na saba mwamuzi akakosea mbele ya Marekani nzima. Mwamuzi mwenyewe akakiri, kesho yake akalia uwanjani, wakapeana mikono. Na bado wakubwa wa ligi wakakataa kuibadilisha rekodi. Sasa wewe si umepata kuliko yeye? Mshukuru Mungu, na mimi nishukuru kidogo.

Kuhusu yule mzee wa kofia, mimi sijui lolote. Alisimama nyuma yangu, akanywa kahawa yake, akaenda zake. Hakuniuliza kitu. Hao watu wana yao, tusijisumbue.

Neno moja tu. Jamal hajui kama nimemwandikia kosa. Siku hizi ana duka lake la simu, Chaussée de Wavre, na habari za besiboli hataki hata kuzisikia. Nitamwambia mwenyewe taratibu. Wewe usimguse kwa hili, tafadhali. Yaliyopita si ndwele.

Mdogo wako,
Chande

---

Rotterdam, 20 mai 2013

Chande,

Ningekuandikia zamani, barua ya furaha. Nilikuwa nimeianza même. Ile karatasi ilipofika, nilikaa ku ngazi na viatu vya kazi, nikalia kama mutoto. Niliionyesha ba collègues ba kazi ku bandari. Baholanzi babili bakanipigia mikono, bengine bakauliza kama ni facture ya umeme. Nikaiweka mu cadre ya kioo, nikaitundika juu ya kitanda.

Wiki iliyopita nilikuya Bruxelles, mutoto wa Sidonie alifanya première communion ku kanisa. Nikasema bon, nimepata zéro yangu, moyo imepoa, niende nimusamehe Jamal. Najua ulinikataza. Lakini kusamehe muntu iko mubaya wapi? Nikanunua Fanta mbili, nikaingia mu duka yake, nikamwambia, "Jamal, ile kosa yako imekwisha kuandikwa, na mi nimekusamehe, tuinywee."

Akaniuliza, "Kosa gani?"

Nikamuelezea. Chande, sijapata kuona muntu mupole akigeuka vile. Aliweka Fanta chini. Akasema, "Mpira ulipiga kijiwe, Bertin. Nilikuwa nimeuinamia, mikono iko tayari, ukagonga kijiwe ukaruka kando. Nilikuambia siku ile ile ukaniita muuaji. Niliacha kucheza kwa ajili ya mdomo wako. Na leo kaka yangu, tumbo moja, ananiandikia kosa nisilolifanya, ili wewe ufurahi?" Bateja banatutazama. Mi nasimama pale na Fanta yangu kama mujinga.

Nikatoka. Akanifuata mpaka inje, kwa trottoir ya barabara. Akasema, "Kama unatafuta mkosaji, muulize Chande alizungumza nini na mzee wa kofia kabla ya awamu ya tisa. Niliwaona nikiingia uwanjani. Walizungumza kirefu, na mzee akacheka."

We uliniandikia hakukuuliza kitu. Ulisema alikunywa kahawa.

Nimefika nyumbani, nimetazama ile cadre, na kitu moja inanizunguka mu kichwa. We haufutaka. Ulikatalia Florent, ulikatalia timu yote. Juu ya nini mi nilikuomba mara moja tu, kwa barua, na ukafuta ile wiki ile?

Muzee alikuuliza nini? Na ulimujibu nini?

Bertin

---

Anderlecht, 9 Juni 2013

Bertin,

Leo sikuiti Grand. Ukisoma utajua kwa nini.

Mwezi wa Machi nilikudanganya. Yule mzee aliniuliza, tena sana. Ilikuwa wakati mnabadilishana uwanja, kabla hujapanda kurusha awamu ya tisa. Alikuja mezani na mkalimani wake, akaliinamia daftari langu, akausifu mwandiko. Basi mimi nani, nasifiwa na mtu wa ligi kubwa! Kichwa kikavimba. Akakuonyesha kwa kidole: yule ni nani kwako?

Nikasema, "C'est mon grand."

Mkalimani akauliza, "Grand frère?" Kaka mkubwa?

"Oui, mon grand frère."

Akataka kuhakikisha: ndugu wa kuzaliwa, au ndugu wa mtaani? Sasa wewe unatujua sisi. Nani kati yetu atasema "wa mtaani" mbele ya mgeni? Hiyo ni kumkana mtu. Nikapiga kifua. "Même père, même mère!" Baba mmoja, mama mmoja, kama tunavyosema sote hapa, hata kwa mtu uliyemkuta juzi kwenye foleni ya commune. Akaniuliza mimi nina miaka mingapi. Vingt-cinq, nikajibu, kwa kiburi kile kile.

Akaandika. Halafu akaomba orodha ya leseni za wachezaji, nikampa kwa mkono wangu huu. Akalitafuta jina lako, akakuta umezaliwa tarehe moja Januari 1986. Tarehe moja Januari, kama sisi sote tuliofika bila karatasi, tarehe ya ofisi. Yaani kaka mkubwa ana miaka ishirini, na mdogo wake wa tumbo moja ana ishirini na mitano! Mzee akacheka. Akasema kitu kwa Kiingereza, mkalimani akatikisa kichwa, akasema, "Encore un." Mwingine tena.

Unajua walivyokuwa wakati ule. Baada ya 2001, Wamarekani walipokaza viza, wachezaji zaidi ya mia tatu waligundulika umri wao si ule walioandikisha, wamejipunguzia miaka. Walikuwa wamechoka kudanganywa. Akafunga kitabu chake. Hakukifunga kwa sababu ya lile pigo, Bertin. Alikifunga kabla hujarusha mpira hata mmoja wa awamu ya tisa. Alibaki kumalizia kahawa.

Sitakuambia kwamba sikuelewa. Nilielewa pale pale. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema, "Samahani bwana, huyu ni mdogo wangu, tunamwita mkubwa kwa heshima." Maneno hayo hayajazi hata mstari. Na mechi ilipokwisha, gari lake lilikuwa hatua thelathini kutoka mezani kwangu. Nilikaa. Nikajiambia karani haachi meza kabla ya kujumlisha.

Uongo mtupu. Nilikaa kwa sababu ulikuwa unaondoka. Wewe ungekwenda Amerika, na mimi ningebaki na penseli yangu na ndoo yangu, bila mtu wa kunisemea. Nilikuonea wivu. Astaghafirullah, nilikuonea wivu, kwa muda usiofika hata wa kuchonga penseli, na ukatosha.

Lile pigo lilikuwa la haki. Kijiwe nilikiona kwa macho yangu. Kisha ukanijia mezani unapiga kelele, Jamal, Jamal, na mimi nikaona hasira yako imepata pa kukaa, mbali na kwangu. Nikaiacha ikae. Miaka yote hii umemchukia mdogo wangu kwa kosa langu, na kila nilipomwona anavuka barabara asikutane na dada yako, nilinyamaza. Ulipoomba sifuri nikakupa haraka ili usiombe kitu kingine.

Jamal hasemi na mimi. Nikiingia dukani anaingia stoo. Florent anapeleka kitabu kwa mchapaji mwisho wa Agosti. Niambie niandike nini kwenye ukurasa ule, nitaandika. Samahani ni neno dogo, najua. Sina jingine. Samahani.

Chande

---

Anderlecht, 14 Julai 2013

Bertin,

Sijapata jibu. Sidonie anasema uko hai na unakula. Mchapaji anamhimiza Florent, Florent ananihimiza mimi. Nitukane basi. Ukinitukana nitajua umesoma.

Chande

---

Rotterdam, 12 août 2013

Chande,

Nilisoma. Nilikuwa natafuta matusi yenye kufaa, nikakosa. Kwa Kiswahili haitoshi, kwa Kilingala nilikaribia.

Leo ni myaka saba juste tangu ile mechi. Asubui nilipigia Florent, nikamwambia arudishe pigo. Mupira uligonga kijiwe. Jamal hana kosa, na hakuna muntu mwenye ataandikiwa kosa ya kijiwe. Ile karatasi yako nimeitoa mu cadre, iko ndani ya enveloppe hii. Zéro ya kufunga muntu mudomo haiko taji. Uikamate, ni yako, we njo uliifanya.

Mwezi iliyopita nilirudi Bruxelles. Sikukuambia. Niliingia ku duka ya Jamal, nikamuomba pardon mbele ya bateja yake bote, kwa sauti, kama vile nilimutukana mbele ya timu. Akavuta kiti, akaniwekea. Tulikaa mpaka akafunga. We usimufuate tena mu stoo. Akitaka, atatoka yeye mwenyewe.

Iko ule murushaji mweusi wa zamani, Satchel Paige. Aliingia ligi kubwa mu 1948, banasema alikuwa na quarante-deux ans, muzee kwa murushaji, bengine bakasema zaidi, hakuna mwenye alijua kweli. Banasema akiulizwa, anajibu mbuzi ilikula Bible yenye iliandikwa siku yake ya kuzaliwa. Batu bakacheka, bakamupenda. Ku yeye ilikuwa kichekesho. Ku mi muzee alicheka pia, na mlango ikafungwa. Na mbuzi haikukula kitu yangu, Chande! Sidonie amepata carte yangu ya baptême, ya ubatizo, toka Bukavu, paroisse ilikuwa nayo tangu zamani, inangoja tu muntu aiombe. Seize mars 1986, tarehe kumi na sita ya mwezi wa tatu. Vingt ans na miezi ine, ile siku. Nilikuwa nasema kweli, na hakuna mwenye aliniuliza mi. Baliuliza we.

Unafikiri ni Amerika inaniuma. Amerika, bon, labda bega ingekatika hata kule. Yenye inaniuma ni ile jina. Nilikuwa dix-sept ans, peke yangu mu centre ya barefugié, ya bakimbizi, hakuna mwenye alikuwa ananihitaji kwa kitu. Siku tulitoka commune ukaniita Grand, mbele ya batu, we na ndevu zako. Nililala nikiisema polepole, nisiamushe ba voisins ba chumba. Nilianza kutembea wima juu ya ile jina. Nafikiri hata kurusha mupira nilirusha juu yake. Na njo ile jina ulimupa muzee, na ukaikalia.

Sasa sitaki uniite tena. Hata ku barua, hata ku matanga. Ile jina imekufa. Karatasi zote zimepatikana, tufuate karatasi. We ulizaliwa 1981. Mi nilizaliwa 1986. Ulikuwa unapaswa kunichunga.

Mudogo wako,
Bertin